Mshale Ulioelekea Kibandani

Wizi wenyewe ulikuwa na adabu, na hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipoingiza kichwa ndani ya ile ndege ndogo ya viti vinne.

Katikati ya dashibodi palikuwa na tundu, mahali ambapo juzi kilifungwa kifaa kipya cha kuongozea ndege kwa setilaiti. Kifaa hakikuwapo. Lakini mlango haukuvunjwa, skrubu nne zilipangwa ndani ya kisoda, kila ncha ya waya ilifunikwa kwa utepe, na kwenye swichi ilining'inia kadi nyekundu: USIWASHE.

"Mwizi gani huyu," konstebo aliuliza, "anayemhurumia aliyemwibia?"

Inspekta aliingiza mkono ndani ya tundu. Kituoni walimwita Taratibu, na konstebo alikuwa na hakika kwamba methali ya haraka haraka ilitungwa kwa ajili yake. Alikuwa akipapasa ule mtungo wa nyaya, akivutwa na jambo ambalo hakulijua bado.

Mwenye ndege alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa miaka arubaini hivi, aliyerithi ndege kwa baba yake pamoja na ukaidi. Alitibu ng'ombe wa mashamba ya mbali. Mwaka jana mawingu yalimfungia chini siku nyingi mno, na sasa mkaguzi wa ndege angekuja Jumatatu. Kama asingekikuta kifaa, asingetoa kibali cha kuruka mawinguni, na kazi ya chanjo ingepewa mtu mwingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Ulikichaguaje?" Inspekta aliuliza.

Daktari akatoa karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa. Miezi mitatu alikuwa amepima mambo matatu. Kioo kikubwa kipya, ambacho kwa bei yake angenunua ndege nyingine na chenji ikabaki. Kifaa kilichotumika, cha mtu mmoja tu, karatasi zake zote zipo, kioo kidogo lakini kinakubalika kutua nacho katika hali mbaya ya hewa. Au autengeneze tu mshale wa zamani, ambao bado ulikuwa juu ya lile tundu, na ambao kazi yake ni kuelekea ulipo mnara wa redio wa uwanja. Huo ndio ulikuwa rahisi kuliko vyote, ila minara ya namna hiyo ilikuwa ikizimwa mmoja baada ya mwingine.

"Juu mkono haukufika, chini moyo ulikataa. Nikachukua cha kati."

"Ulimwomba nani ushauri?"

"Mzee Mawimbi, fundi redio wetu. Alisema nitengeneze mshale. Nikamwambia, baba mdogo, huo umeshazeeka. Akacheka, akasema sawa mwanangu."

Funguo za banda la ndege zilikuwa tatu: wa daktari, wa Mzee Mawimbi, na wa fundi kijana aliyekifunga kifaa. Alama za vidole zilizopatikana zilikuwa za hao hao watatu, kwa hiyo hazikusaidia kitu. Inspekta akaanza na fundi.

"Jana ulifunga banda saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, afande."

"Nyaya ulizifunga wewe?"

"Mimi. Kwa vibano vya plastiki."

"Hivi hapa?"

Fundi akachungulia, akatoa macho. Vibano vyake vilikuwa vimekatwa vyote. Mahali pake palikuwa na uzi mweupe uliopakwa nta, umezunguka nyaya kwa mafundo madogo yaliyoachana kwa kipimo kimoja. "Huu si wangu," alisema. "Siku hizi nani ana subira hiyo?"

Hapo ndipo Inspekta alipokumbuka. Baba yake alikuwa fundi wa simu, na nyumba yao nzima ilifungwa kwa uzi ule: nyaya za redio ya mama, mwavuli uliovunjika, hata begi lake la shule. Jioni mzee alimkalisha mezani akamfundisha. Plastiki inakata, baba yake alikuwa akisema, uzi unakumbatia. Miaka thelathini Inspekta hakuwa amelisikia neno hilo, na sasa lilimjia na harufu ya nta.

Akamwambia konstebo wasitumie gari. Watembee mpaka mwisho wa uwanja, kwa Mzee Mawimbi.

Kibanda cha mnara kilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya vumbi lililopashwa moto na mtambo uliounguruma polepole. Spika ndogo ilirudia herufi mbili kwa milio mirefu na mifupi, tena na tena. Mzee Mawimbi alikuwa akifuta mtambo kwa kitambaa. Juu ya meza palikuwa na kibonge cha uzi wa nta.

"Fundo lako la mwisho unalirudisha chini," Inspekta alisema. "Baba yangu alilirudisha juu."

Mzee akafungua mtoto wa meza. Kifaa kilikuwa ndani, kimefungwa kwa kanga safi.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," alisema. "Kaa, mwanangu."

"Kwa nini kadi nyekundu?"

"Utepe huweza kubanduka. Angewasha bila kujua angeunguza ndege."

"Mwizi hajali hayo."

"Mimi si mwizi. Mimi ni fundi."

"Basi niambie fundi alichukua kitu cha watu kwa nini."

Mzee akaonyesha ukutani. Ilibandikwa barua ya wakubwa: mnara utabaki maadamu ipo ndege hata moja ya uwanja huu inayoutegemea. Ndege hiyo moja ilikuwa ya daktari. Jumatatu, mkaguzi akishakubali kifaa kipya, mnara ungezimwa.

"Nimebakiza miezi minne nistaafu," alisema. "Nilitaka uzimwe nikishaondoka. Huu mlio nimekaa nao miaka thelathini na nane. Baba yake yule binti alirudi kwa mlio huu siku ambayo mawingu yaligusa miti, na binti mwenyewe yuko nyuma, ana miaka sita. Nilikaa hapa nikishikilia waya uliolegea kwa mkono mpaka wakatua. Sasa nitaishi vipi na ukimya? Niliogopa, mwanangu, ndiyo yote."

Konstebo aliandika maelezo. Mzee akatia saini bila kusoma.

Daktari alikuja akiwa ameshaambiwa. Alisimama mlangoni.

"Baba mdogo, ungeniulia kazi."

"Najua."

"Ungeniambia tu."

"Ningekwambia usiende mbele kwa ajili yangu?"

Daktari alimgeukia Inspekta, akauliza jinsi ya kuondoa malalamiko. Inspekta akasema wizi ni wizi, ila mali imepatikana, na daktari akiandika barua ataipeleka kwa mkuu wa kituo pamoja na jalada. Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba angependa kuona kifaa kikirudishwa na fundi anayejua mafundo.

Kilirudishwa Ijumaa, kwa uzi wa nta, huku fundi kijana akishika taa na kuuliza maswali. Jumatatu mkaguzi alikipima, akakisifu, akatia muhuri. Mzee aliomba jambo moja tu: auzime mnara yeye mwenyewe, kwa kuwa vijana wa makao makuu wangekuja wakang'oa waya.

Daktari aliketi kiti cha rubani, Inspekta pembeni yake, kila mmoja na visikilizio masikioni. Mshale wa zamani ulielekea kibandani, kama siku zote. Zile herufi mbili zikalia, zikalia tena, halafu hazikulia. Inspekta alimwona baba yake mezani, akiwa kimya, akivuta uzi.

Mshale ulitikisika kidogo, ukatulia. Daktari akaandika saa katika kitabu cha ndege.

Mzee Mawimbi alikuja kwa miguu njia yote ile ndefu, funguo mkononi. Alipofika mlangoni pa ndege aliuliza:

"Mwishoni ulielekea wapi?"

"Kwako, baba mdogo," alisema daktari. "Bado unaelekea kwako."