Kistari cha Bhumi

Likizo ya Agosti mwaka wa 2007, kila asubuhi baada ya chai, nilikuwa nakimbia hadi gereji ya Papa katika eneo la viwanda la Nakuru. Wenzangu wa darasa la saba walibaki mtaani wakiruka kamba. Mimi nilikuwa na kazi, tena kazi niliyojivunia kupita kiasi. Nilikuwa msomaji wa geji!

Papa, yaani baba yangu, ambaye watu wote humwita Bhavik, alikuwa anafunga turbo kwenye gari dogo jekundu la Jeruto, dereva wa mashindano. Mzee Ephantus, fundi aliyefanya kazi na Papa miaka ishirini, ndiye aliyenieleza jambo lenyewe huku akifuta grisi mikononi.

"Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, Bhumi. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke. Petroli isipotosha, moto wa ndani unakuwa mkali ajabu na pistoni zinatoboka. Injini inakufa hapo hapo, na dereva wako yuko kwenye kona!"

Basi kila siku Papa aliipangia kompyuta ya injini kiasi cha petroli, kisha tukaenda kulijaribu gari kwenye barabara ya ndani ya shamba moja la mkonge huko Rongai. Mwenye shamba alituruhusu, na magari mengine hayakupita humo. Papa aliendesha. Mimi nilikaa kando yake, mkanda nimefunga, helmeti kichwani, daftari mapajani. Kila injini ilipozidi kasi, Papa aliita mizunguko yake kwa dakika: "Elfu nne! Elfu tano!" Nami nilisoma geji, iliyoonyesha uzito wa hewa ni mara ngapi ya ule wa petroli, na kuandika. Kumi na mbili au chini kidogo, mambo sawa. Kumi na tatu kwenda juu, petroli haitoshi.

Gereji yetu ilikuwa na sharti moja. Usichokiona, usikiandike. Piga kistari, gari lirudie mwendo. Na hakuna kufuta.

Alhamisi tulibakisha mstari mmoja tu.

"Elfu sita!" Papa akaita.

Gari liliruka mbele, mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti, na mimi, Bhumi niliyekuwa nimelitangazia darasa zima kwamba siogopi kitu, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Papa alikuwa ameshaondoa mguu.

"Umeona?"

"Nimeona, Papa," nikajibu, nikaandika 11.8. Mstari wa juu yake ulikuwa 11.7, nikajiambia haiwezi kuwa mbali. Nipige kistari mimi? Mzee Ephantus angenicheka mpaka Krismasi.

"Safi sana," Papa akasema. "Gari liko tayari."

Ijumaa asubuhi Jeruto alikuja kuchukua gari lake. Nilimkuta amesimama na Mzee Ephantus, ambaye alikuwa ameshika brashi yenye rangi nyeupe. Juu ya gurudumu la mbele alikuwa ameandika: *Mafundi: Bhavik na Ephantus. Hesabu: Bhumi.*

"Sasa, Bhumi!" Jeruto akanikumbatia. "Kesho kwenye mashindano kuna mlima mrefu, nitakanyaga mpaka mwisho. Nikifanya hivyo, ujue nimekuamini wewe."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jina langu lilikuwa bado linang'aa kwa ubichi wa rangi, na nilijua nikinyamaza dakika moja zaidi gari litaondoka.

"Papa," nikasema. "Ule mstari wa mwisho sikuuona. Nilifumba macho. Niliogopa."

Mzee Ephantus alishusha brashi. Papa aliniangalia, uso umemkauka, halafu akachukua funguo.

"Chukua daftari," akasema. "Twende Rongai."

Tulipofika nilifunga mkanda, nikakaza macho kwenye geji hata machozi yakanitoka.

"Elfu nne! Elfu tano! Elfu sita!"

Mshale ulipanda ghafla. Kumi na tatu, kumi na nne!

"Papa, acha! Acha!"

Aliondoa mguu papo hapo. Tulisimama katikati ya mkonge, na Papa akazima injini.

Mzee Ephantus aligundua shida kabla ya saa sita. Pampu ya petroli ilikuwa ile ile ya zamani, ya gari lisilo na turbo. Kwenye mwendo mkubwa ilishindwa kupeleka petroli ya kutosha. Walifunga pampu kubwa zaidi, tukarudi Rongai alasiri, na nikasoma elfu sita macho yakiwa wazi kama ya bundi. Kumi na moja nukta tisa. Nilipiga kelele mpaka Papa akacheka.

Jumamosi Jeruto alikanyaga mpaka mwisho kwenye ule mlima, akamaliza wa pili. Aliposhuka, vumbi tupu usoni, aligonga jina langu kwa kidole mbele ya watu wote. Moyo wangu ulijaa, nikajikuta nalia tena.

Jioni Papa alitoa kabatini daftari kuukuu, la wakati babu alipokuwa anamfundisha kazi. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na vistari kumi na tisa.

"Vyote hivi ni vyako, Papa?"

"Vyangu. Nilikuwa nafumba macho." Akanifunika bega kwa mkono wake. "Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuandika usichokiona, mtu mwingine akaweka maisha yake juu ya maandishi yako. Jana ulisema ukweli ukiwa umeona haya, tena mbele ya wakubwa. Kwa hilo najivunia wewe kuliko nafasi ya pili."

Jumanne lilikuja gari jingine. Mstari wa tatu ukanipita. Nikapiga kistari, kinene, nikakionyesha. Mzee Ephantus alicheka, tena sana, nami nikacheka naye, halafu tukarudia.