Nyumba Isiyopenda Kuhamwa

Jua lilikuwa likizama nilipofika kijiji kile cha pwani ya Cilento, kusini mwa Italia, chini ya mnara wa kale uliojengwa kuwachungulia maharamia. Nilikuwa natembea peke yangu kutoka Amalfi, kanisa hadi kanisa, na jioni hiyo nilichotafuta ni kitanda tu.

Nunziata, aliyekuwa akilaza wasafiri nyumbani kwake, alinipokea getini. Mwanamke wa makamo, hajaolewa, mama yake keshafariki. Kabla hatujaingia akaninong'oneza:

"Dada, nyumba nimeiuza. Jumapili nahamia Genova kwa mdogo wangu. Ila ndani usilitaje hilo."

"Kwani mimi mgeni wa mambo haya? Hata kwetu Napoli mambo ya kuhama tunayazungumzia barabarani."

Akacheka. Alipovuka kizingiti akaisalimu sebule tupu: "Bibi mrembo, tumerudi." Nami nikasalimu. Kila nyumba kwetu ina Bibi wake, roho asiyeonekana. Ukiitunza, anakulinda. Ukitaka kumwacha... ana wivu. Padri anatukataza mambo haya. Mimi huungama kila Pasaka, kisha narudia.

Tulikuwa tunakula tambi za dagaa simu yake ilipolia. Vidole vilikuwa na mafuta, akabonyeza spika.

"Nunzia, umeshafunga mizigo?" Sauti ya mdogo wake ikajaa jikoni. "Wanunuzi wanataka funguo."

Nunziata akaikata simu haraka.

Harufu ya nta ya mishumaa ikatujia, na hakuna aliyewasha mshumaa. Juu, chumbani kwa marehemu mama yake, droo ikavutwa... ikafungwa. Ikavutwa tena.

"Anatania," Nunziata alinong'ona akiitazama dari. "Bibi, huyo anatania tu. Niende wapi mimi?"

Kabati likalia.

Tukapanda, rozari mkononi mwangu. Begi langu, nililoliacha mlangoni, lilikuwa kitandani, tupu. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa na kupangwa kabatini. Soksi zangu zilizotoboka zilikuwa zimeshonwa. Uzi bado unaning'inia.

Tangu mama yangu afariki, hakuna aliyewahi kunishonea hata kifungo. Machozi yalinilengalenga.

Nilidhani Nunziata angekimbia. Njia ilikuwa wazi, Bibi alishajipatia mtu mwingine. Lakini alizishika soksi zile, akazigeuza, na uso ukambadilika.

"Mimi hajawahi kunishonea."

"Dada, chukua koti. Twende."

"Maisha yangu yote namsugulia sakafu. Wewe umekuja na vumbi lako, hata hujalala, ushapangiwa nguo." Akaanza kuzitoa kabatini, akinirushia usoni. "Toka. Hapa ni kwangu."

"Anakuchezea, Nunziata. Huoni?"

"Una wivu wewe. Toka."

Akanisukuma hadi nje, mlango ukafungwa. Nilimsikia akipanda ngazi, anakimbia kama msichana.

Ndipo ufunguo wa mlango ukazungushwa kwa ndani.

Nilisimama barabarani nikimwita. Taa ikawaka dirisha la juu. Nunziata alikuwa ameketi, amefumba macho, anatabasamu. Nyuma yake, mkono mweupe ulikuwa unamchana nywele... polepole...

Nilipaswa kumwombea, na rozari ninayo. Nikapiga magoti palepale kwenye mawe, nikaomba.

Lakini nilichokiomba, Mungu anisamehe, ni mlango ule ufunguliwe. Si ili yeye atoke.