Maji Laini kwa Wening

Siku hizo soko la ndege la Ngasem lilikuwa bado mahali pake, na ndege walipiga kelele hata muuzaji na mnunuzi wakaongea kama wagomvi. Torang, Mbatak wa Medan, kisiwani Sumatra, aliyeuza samaki wa mapambo pale Yogya, mji wa Wajava, alikuwa akichota maji aliposukumwa kiwiko. Kata nzima ikamwagikia sketi ya msichana.

"Samahani, dada!"

"Acha tu, kaka. Nimekuja na maiti, sketi ni kitu gani?"

Akainua mfuko wa plastiki. Samaki mdogo mwenye mstari wa buluu alielea ubavu. Msichana alivaa blauzi ya batiki ya kahawia, na ua moja la asumini nyweleni.

"Wa ngapi huyo?"

"Wa sita. Na maji yangu yanang'aa!"

"Unakaa wapi?"

"Wonosari."

Torang akacheka. "Kwenye vilima vya chokaa! Birika lenu lina ukoko mweupe?"

"Mnene hivi."

"Basi samaki wako anakunywa ukuta. Kinga maji ya mvua, ile ya kwanza iache ioshe paa. Changanya kidogo kidogo, kikombe kwa siku. Ukibadilisha ghafla utawaua kwa wema. Tia na majani makavu ya mkungu."

"Nisipoweza?"

"Nitakuja mwenyewe."

"Mbatak huna haya!" Lakini akamwandikia namba ya simu ya jirani yao, mzee Karto.

Jina lake Wening. Msimu mzima wa mvua, kila Jumapili, Torang alipanda basi kwenda vilimani. Walitia sabuni kwenye chupa ya maji ya tangi la samaki, wakatikisa. Maji magumu, yenye chokaa, hayatoi povu. Lilipopanda mara ya kwanza, walirukaruka kama watoto. Katikati ya wiki, simu.

"Povu limefika wapi, mpenzi?"

"Shingoni mwa chupa."

"Na mimi?"

"Wewe umenifika puani!"

Jumapili moja ya Aprili alifika na mfuko wa majani. Kabla hajabisha hodi, akamsikia mjomba wake Wening ndani: "Mwalimu Sarjono amekuposa. Utaolewa naye?"

"Inggih, mjomba," Wening akajibu, sauti chini.

Inggih ni ndiyo kwa Kijava. Torang akaweka majani kizingitini, akarudi zake. Simu zilipomfuata, akaagiza wenzake sokoni waseme hayupo.

Agosti, kiangazi kikali, Wening akatokea sokoni. Amekonda.

"Nimekukosea nini hata unikimbie?"

"Mume wako hajambo?"

"Mume gani?"

"Nilisikia kwa masikio yangu. Ulisema inggih!"

Wening akajibwaga juu ya ndoo. "Wee Torang! Miaka minne unaishi na Wajava, hujajua? Mkubwa akisema, mdogo anaitikia inggih. Maana yake nimesikia. Kukataa kunapelekwa siku nyingine, na mtu mwingine. Mzee Karto alimpelekea mjomba jibu langu la kukataa kesho yake."

"Si mseme hapana mmalize?"

"Si ungeingia ukauliza? Mdomo wote huo, siku ile uliuacha wapi?"

Torang akageukia matangi. "Samaki je?"

"Mvua imekatika, tunanunua maji magumu ya lori. Wamebaki wawili."

"Na sisi?"

"Usiniulize mimi. Panda basi."

Akapanda siku hiyohiyo hadi kwa mjomba, na harufu ya samaki mikononi. "Mzee, nataka kumwoa Wening."

Mjomba akamimina chai. Akauliza habari za tumbaku, za mvua, za afya ya mama yake huko Medan. Chai ikaisha, Torang akaaga, jibu hakupewa.

Siku ya nne mzee Karto akasimama sokoni mbele ya matangi ya Torang, kofia mkononi. "Mjomba anauliza, ndugu zako wa Medan watakuja wangapi? Tujue kuku wa kuchinja."

"Kwa hiyo amekubali?"

"Mwanangu, mimi nimetumwa kuulizia kuku tu."

Torang akamkumbatia hadi kofia ikaanguka tangini. "Mwambie mia! Wabatak hawajui kuja wachache!"