Vipimo vya Mkwe

Kaeni mkao wa kusikia, na mwenye sweta alivue kwanza, maana haya yalitokea mwezi wa joto, ule ambao hata kuku hutembea midomo wazi.

Yalianza na donge la uzi. Bibi mmoja mfumaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sweta, alitia mkono kwenye kapu lake saa sita mchana akatoa donge la sufu nyeupe, akalikuta lina baridi utadhani limelala na barafu.

"Wewe!" akamwita mkwe wake. "Umetia uzi wangu kwenye friji?"

Mkwe akatokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni. "Friji gani, Mama? Hizo mbili za ukumbini zote mbovu."

Kweli zilikuwa mbovu. Mwanawe Mama Sweta, mtoto wake wa pekee, alikuwa fundi friji, na nyumba ya fundi friji ndiyo inayokunywa maji ya moto. Mama Sweta akasonya. "Toka hapa. Hata jibu la maana huwezi kuzaa."

Alikuwa na mdomo yule mama, nyie! Mdomo wa kuchubua ngozi.

Watu walimcheka kwamba anauza sweta kwenye tanuri, lakini waliocheka ndio waliokuja kununua. Mtoto akizaliwa, jua liwake lisiwake, atafungwa sufu kuanzia utosini hadi unyayoni. Na shule nazo zikitaka sweta, mzazi hana ubishi. Kwa hiyo mama yetu alikula akashiba. Alichokosa ni mjukuu. Alifumia wajukuu wa mtaa mzima, na chini kabisa ya sanduku lake kulikuwa na seti moja nyeupe, sweta na kofia na soksi, iliyomngoja wa kwake miaka sita. Mara mbili mkwe alishika mimba, mara mbili ikatoka, na mara zote mbili Mama Sweta aliwatangazia majirani kabla shuka hazijakauka kwenye kamba.

"Tumbo la mkwe wangu ni pakacha," aliwaambia, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mkwe alikuwa dirishani anasikia.

Siku ya pili, saa ile ile ya mchana, watu wote wamejilaza, Mama Sweta aliinua macho akaona mteja ameketi kwenye kigoda cha wateja. Hakusikia hodi. Mteja alikuwa amejifunika shuka nyeusi gubigubi, na chumba kilinuka sufu inayoungua.

"Fundi," mteja akasema kwa sauti ya chini. "Nasikia baridi."

"Baridi mwezi huu? Hiyo homa. Nenda hospitali."

"Nifumie sweta, fundi."

Kazi ni kazi. Mama Sweta alichukua futi yake ya kupimia kwenye msumari, akazunguka nyuma ya mteja, akaipitisha kifuani juu ya ile shuka kama alivyopima maelfu ya vifua, akavuta ncha mbili zikutane mgongoni, na futi ikaendelea kuja, ikaja, shuka ikabonyea, mpaka futi ikajikuta yenyewe, na katikati yake hapakuwa na kifua wala mgongo wala mfupa wa mtu.

Alitaka kupiga ukunga. Mteja akamwahi.

"Mwili sina," mteja akanong'ona, bila kugeuka. "Ndiyo maana nasikia baridi. Nipimie kwa mtu, fundi. Akilivaa huyo mara moja, mimi nitaingia nikae."

"Mtu gani?"

"Chagua wewe."

Mama Sweta akaonyesha rafu kwa kidole. "Daftari lile pale. Lina vipimo vya shule nzima. Chukua unayemtaka."

Hebu fikirini. Watoto wa watu!

"Vya daftarini ni vya zamani," mteja akasema. "Nataka vipimo vya leo, vya mwili wenye joto. Tena mtu wa humu ndani. Usiponipa, vyako ninavyo." Papo hapo kidole kidogo cha Mama Sweta, cha mkono wa kushoto, kikaanza kuwa cheupe kuanzia kwenye ukucha, kikakakamaa, kikamwuma kwa baridi mpaka machozi yakamtoka. Alipofumba macho na kuyafumbua, kigoda kilikuwa kitupu. Kidole kilibaki cheupe.

Humu ndani walikuwa watatu. Mwanawe? Afe yeye kwanza. Lakini yeye mwenyewe hakutaka kufa. Sasa hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mnadhani alilia? Mnadhani alikosa usingizi? Alikaa akitafuta rangi itakayomfaa mkwe wake, akachagua ya zambarau. Na moyoni alikuwa ameshamwoza mwanawe mke mwingine, mnene, wa kuzaa.

"Mwanangu," akaita asubuhi, kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika nyumbani mle. "Njoo nikupime. Nataka nikufumie sweta."

Mkwe alisimama na fagio mkononi, hajui acheke au akimbie. "Mimi, Mama?"

"Nani mwingine? Simama wima. Vipimo haviumi."

Mkwe akainua mikono. Machozi yalimlengalenga, maskini, kwa miaka sita hajawahi kufumiwa hata soksi. Mama Sweta alimpima mabega, akampima kifua, na futi ilipofika kiunoni mkwe akaishika kidogo kwa vidole.

"Mama, hapa tumboni usibane. Acha nafasi."

"Nafasi ya nini? Unanenepa kwa chakula cha mwanangu?"

Mkwe akacheka kwa aibu. "Wacha tu, Mama. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nikirudi kliniki nitakwambia mwenyewe."

Mama Sweta aliisikia hiyo kliniki, akadhani ni zile dawa zake za kutafuta mtoto. Akaacha vidole vinne vya nafasi, akaandika.

Alifuma siku kumi. Jinsi sweta lilivyokua ndivyo chumba kilivyozidi kupoa, hata majirani wakawa wanakuja kujipumzisha, wanauliza, "Umefunga kiyoyozi, mwenzetu?" Naye anacheka nao, meno yanamgongana. Akiweka sindano chini aende kunywa maji, anazisikia nyuma yake zinaendelea, ti-ti, ti-ti, na akirudi anakuta mistari mitatu imeongezeka, myororo, safi, haina kasoro, mizuri kuliko yake. Kilichomwudhi zaidi, nawaambia, ni hicho cha mwisho.

Siku ya kumi na moja, Alhamisi, akakata uzi. Saa sita ikagonga.

"Jaribu, mwanangu."

"Na joto hili, Mama?"

"Mara moja tu, nione mikono."

Mkwe akapenyeza kichwa. Sweta likashuka mwilini mwake lenyewe, bila kuvutwa, likajilaza mabegani, likajilaza kifuani, na harufu ya sufu inayoungua ikajaa chumba kuanzia sakafuni hadi darini, na Mama Sweta akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka mgongo ukagusa ukuta, akingoja macho ya mkwe wake yageuke, akingoja sauti nyingine itoke kwenye kinywa kile, akingoja, huku akitazama uzi wa zambarau ukipanda na kushuka kabla mvaaji hajavuta pumzi. Lakini macho hayakugeuka na sauti haikubadilika, ila mkwe aliinama polepole, akajishika chini ya kitovu kwa mikono yote miwili.

"Mama," akanong'ona. "Huku juu nasikia joto. Baridi iko ndani. Mama, inaniingia tumboni."

"Tumboni wapi?"

"Mama, nilitaka kukwambia kesho. Nina mimba. Mwezi wa nne huu. Niliogopa... niliogopa usije ukawaambia tena."

Mama Sweta aliruka. Alilishika sweta lile kwa kucha, akalivuta, akachukua mkasi akalipasua toka shingoni hadi chini, akalitupa sakafuni, likalala pale tambara tu, la uvuguvugu. Alikuwa amechelewa. Akaweka kiganja juu ya tumbo la mkwe na kiganja kikafa ganzi. Na kutoka pale, chini ya ngozi, sauti ikaja, ya chini, ya mtu aliyetulia.

"Asante, fundi. Niliomba nyumba. Ukanipa na chumba cha ndani."

Jioni ile ile alimkokota mkwe hadi kwa mganga, mwanamke wa makamo aliyefanyia kazi kwenye chumba cha uani, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Mganga alichoma ubani wake, akasoma vyake, akainamisha sikio kwenye tumbo la mkwe. Alipoinuka, alizima ubani kwa maji.

"Mbona unazima?" Mama Sweta akauliza.

"Jini likimpanda mtu, tunalipunga, linashuka. Hili halijampanda mtu. Hili linazaliwa. Nilishushe wapi?"

"Litoe! Nitakupa chochote."

"Nikilitoa, linatoka na mtoto."

Mama Sweta, mwenye mdomo ule, alijiziba mdomo kwa kiganja. Ni mkwe aliyesema, polepole, mikono imelala tumboni. "Mwanangu asitoke. Wawili wamenitoka. Huyu abaki, awe anavyokuwa."

Mganga akamtazama kwa huruma. "Binti, jini la namna hii haliingii bila vipimo. Nani alikupima?"

Mkwe aligeuza shingo akamtazama mama mkwe wake, akamtazama sana, kuanzia vumbi la sufu ya zambarau kwenye mikono ya blauzi hadi kile kidole cheupe. Kisha akajifunga nguo yake vizuri, wakarudi nyumbani.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mzuri wa kupindukia. Baba yake aliwatambia mafundi wenzake kwamba mwanawe hatoki jasho. Ile seti nyeupe iliyongoja miaka sita alivalishwa, na siku ya tatu ikambana. Wiki haikupita bila nguo kumbana. Akiachwa bila sufu mpya hakulia, hapana, alimkodolea tu macho bibi yake, na kidole kingine cha bibi kikaanza kuwa cheupe. Basi bibi akawa anafuma. Alifuma mchana, alifuma akila, na majirani wakasema, "Jamani, anavyompenda mjukuu!" Naye aliwaitikia, maana angewaambia nini? Kwamba aliyekuwa anamwombea kwa Mungu miaka sita amemwuza mwenyewe, kwa vidole vinne vya nafasi?

Mkwe hakuwahi kumwambia mumewe. Hakugomba, hakununa. Alimwandalia mama mkwe chakula kwa wakati, akamletea uzi, na uzi ukikaribia kwisha akamletea mwingine.

Mtoto alipotimiza miaka miwili alikuwa bado hajasema neno. Ikafika siku moja, saa sita ya mchana, mwezi ule ule wa joto. Mama Sweta alikuwa anafuma kwa vidole vitatu vilivyombakia. Mkwe ameketi mkekani anakunja nguo. Mtoto akaburuta kigoda cha wateja mpaka ukutani, akapanda, akaitoa futi kwenye msumari, akaja nayo hadi miguuni kwa bibi yake.

"Fundi," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyetulia. "Ndugu zangu nao wanasikia baridi."

Sindano zikamdondoka mama wa watu. Aligeuka kumtazama mkwe wake. "Mwanangu," akanong'ona. "Mwanangu, mchukue. Nakuomba."

Mkwe alikunja shati la mwisho, akalipiga-piga likae sawa, wala hakuinua macho.

"Simama wima, Mama," akasema. "Vipimo haviumi."