Kijani Katika Damu ya Othmani

Soko la Singida lilifurika siku hiyo ya mnada, ng'ombe wakilia upande mmoja, wanawake wa kijiji cha Issuna wakipanga madebe upande wa pili. Johari, binti wa Mzee Mohamedi mwenye duka, alikuwa amejifunga kanga mpya nyekundu, akiuza samli ya baba yake. Kijana mrefu, suruali yake nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, akachukua chupa moja, akaiinua juani, akaigeuzageuza.

"Kaka, samli hulambwa," Johari alimwambia. "Haitazamwi kama mchumba."

"Kazi yangu ndiyo hiyo, dada. Kutazama rangi."

"Basi umeshatazama. Nunua."

Akanunua. Mnada uliofuata akanunua tena, na ile ya kwanza hajaimaliza.

Aliitwa Othmani. Waingereza walikuwa wangali wakitawala, naye alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akimsaidia daktari Mzungu aliyetaka kujua damu ya wafugaji ina mafuta kiasi gani. Maji ya damu yalichanganywa na asidi kali. Mafuta yakiwamo, huwa kijani, na yakizidi, kijani hukoza. Johari aliposimuliwa hayo barazani, mama yake akisikiliza, alicheka.

"Basi yangu itakuwa kama mchicha!"

Posa ikaletwa, ikapokewa.

Kisha Othmani akaacha kuja. Akamtuma shangazi yake aseme posa imevunjika, basi, bila sababu. Mtaani wakasema ana mwanamke Manyoni. Johari alilia mpaka macho yakavimba, halafu akajitanda, akaenda hospitali.

Alimkuta peke yake, anaosha chupa.

"Niambie jina lake."

"La nani?"

"Huyo wa Manyoni."

Othmani alikaa kwenye stuli. "Hakuna mwanamke, Johari. Nilipima damu yangu mwenyewe, nione kama dawa za kupimia zinafanya kazi. Ikawa kijani kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumpima. Baba alishikwa na maumivu ya kifua shambani, akafa hata mvi hajaota. Kaka yangu vilevile. Sasa nimejua kwa nini: mafuta haya huziba mishipa ya moyo. Nikuoe ili uwe mjane?"

Johari alizitazama zile chupa. "Rangi hiyo haikosei?"

"Hukosea sana. Jua la dirishani likiipiga, hubadilika. Tone la maji likiingia, huharibika. Ukichelewa kuisoma, si ile tena. Tena yako mafuta mengine, ndugu wa haya, nayo huleta kijani hicho hicho. Daktari mwenyewe haamini kila kipimo."

"Basi pima tena. Mbele yangu."

Akajitoa damu, akangoja ijitenge. Akaziba dirisha kwa shuka, akakausha kila chupa kwa moto, akachanganya maji ya damu na asidi. Johari akamwomba Mungu kimoyomoyo maji yale yasibadilike. Yakawa ya waridi, yakawa zambarau, yakawa buluu. Yakawa kijani. Othmani akayalinganisha na chupa ya mfano, ambayo kiasi chake cha mafuta kilijulikana.

"Mara ya kwanza nilikosea," alisema, na moyo wa Johari ukaruka. "Hayakuwa mengi vile. Lakini bado ni mengi."

"Ya kuua?"

"Ya kuua mapema. Lini, hakuna rangi inayosema."

"Basi nioe."

"Johari, mpenzi wangu..."

"Lini hujui, na mimi sijui. Rudisha posa. Na huyo shangazi yako aje amejiandaa. Mama ana hasira naye."

Othmani akacheka, machozi yakimtiririka.

Walioana baada ya mavuno ya mtama. Johari akawa anapika bila samli. Majirani wakamwita bahili, naye hakuwajibu. Wakapata binti, Mwantum. Alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede, Othmani alipotumwa stesheni ya Manyoni kupokea vifaa vya hospitali. Alikaa juu ya kasha kupumzika, akashika kifua, asiinuke tena.

Matangani, bibi mmoja jirani alimsogelea Johari, akamshika mkono.

"Pole, mjukuu wangu. Laiti ungalijua, usingaliolewa naye."

"Nilijua, bibi," Johari akasema, akampakata mwanawe amnyonyeshe.