Nilimkana Mwenzangu Mbele ya Meza ya Karata

Nina umri wa miaka sitini na mmoja, karani mstaafu wa serikali hapa Kitale, baba wa watoto watano. Wasomaji wenzangu, sijawahi kuiba, sijawahi kulewa hadharani, na kanisani ninaketi benchi la pili. Lakini nimeua mtu! Sikumshikia panga wala kumtilia sumu... nilitamka maneno machache tu, basi.

Msinicheke nikiwaambia kwamba mambo yalianzia kwenye karata. Si zile za kamari za nyuma ya soko. Ni bridji, mchezo uliookotwa kwa wazungu wa mashamba na makarani wao waliotutangulia, waliokuwa wakichungulia mlangoni mpaka wakaujua kuwazidi. Wazungu walipoondoka, mchezo ukabaki kwetu. Tulikuwa kundi dogo la watu wa Kitale na Bungoma, tukikutana kila Jumamosi mchana katika ukumbi mkuukuu karibu na stesheni ya reli.

Bridji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Mwenzako huketi mbele yako mkitazamana, lakini ni mwiko kumwashiria umeshika karata gani. Hakuna kukonyeza, hakuna kukuna sikio, hakuna kukohoa kwa maana. Anayefanya hivyo ni mwizi.

Mwenzangu kwa miaka kumi na minne alikuwa Barasa, mkulima wa mahindi kutoka Tongaren. Jamani, mtu yule! Nikicheza ovyo hadi tukashindwa, hakunikaripia hata siku moja. Alicheka tu, akaniongezea chai.

Tulikuwa na desturi yetu. Kila Disemba tuliwakumbuka wenzetu waliotangulia. Majina yao yalikuwa yamepigwa rangi kwenye ubao ukutani, na kila jina lilisomwa na yule aliyekuwa mwenzake mezani, si mtu mwingine. Huyo ndiye aliyesimama akatusimulia marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hivyo ndivyo tulivyomkumbuka Haji, fundi cherehani wa karibu na msikiti wa Bungoma, ambaye saa ya sala ya alasiri ikifika alilaza karata zake kifudifudi akaenda, na hakuna aliyethubutu kuzigusa mpaka arudi. Tulimkumbuka pia Mama Perpetua, muuguzi mstaafu, aliyevua viatu kabla ya kugawa karata ati miguu ikibanwa akili nayo inabanwa. Tulicheka na kulia papo hapo.

Mwaka ule wa kura ya maoni ya katiba, ile ya ndizi na machungwa, Barasa alianza kukohoa.

Jumamosi moja nilimkuta nyuma ya ukumbi ameinama, leso mdomoni. Alipoiondoa niliona damu. Alinishika mkono kwa nguvu. "Wanjala, usiambie watu, bana. Wataanza kusema ati ni ule ugonjwa. Watoto wangu watachekwa shuleni."

Nilimwahidi. Nilimsihi aende hospitali, akasema ataenda akishavuna. Miaka ile ya hofu ya UKIMWI, wasomaji, mnakumbuka wenyewe... mtu akikonda kidogo tu, majirani walianza kumchimbia kaburi kwa midomo.

Mwezi uliofuata tulikuwa na shindano letu la kila mwaka, Kitale dhidi ya Bungoma. Tulikuwa tunaongoza. Barasa alikohoa mara mbili, mara tatu... nami kwa bahati nikacheza karata iliyofaa kabisa. Mzee mmoja wa Bungoma alipiga meza kwa kiganja. Ati tunapeana siri! Ati Barasa anakohoa kila anaposhika kopa kubwa!

Kanuni yetu ilikuwa kali: wenzi wakishikwa wakiashiriana, wote wawili wanafukuzwa, ila kama mmoja atathibitisha kwamba hakuhusika. Mwenyekiti aliniuliza mimi kwanza.

Nilikuwa najua ukweli! Nilikuwa nimeiona damu kwa macho yangu! Ningeweza kusema tu, "Mtu huyu ni mgonjwa." Ningeweza hata kusema sijui. Lakini niliwaza kama nikifukuzwa nitamweleza nini mchungaji, nitatembeaje mjini, na wakisikia ni mgonjwa watauliza kwa nini nimekuwa nikinywa naye chai. Nikajidanganya kwamba ninatunza siri yake.

Nikasema, "Nimemkataza mara nyingi hiyo tabia. Hasikii."

Barasa alinitazama. Sikuona hasira. Alikunja karata zake, akazipanga vizuri mezani, akachukua kofia yake akatoka. Alikohoa mpaka getini, na watu wakacheka wakisema sasa anamwashiria nani!

Nami nilicheka, wasomaji. Mungu anisamehe... nilicheka pamoja nao.

Habari za Tongaren zilinifikia vipande vipande. Barasa hatoki nyumbani. Barasa amekonda. Mkewe alimsihi aende hospitali, akakataa. Alimjibu, "Nikifika huko wataniuliza nilianza kukohoa lini. Niseme ni siku niliposhika karata gani?" Neno lilikuwa limeenea hadi sokoni kwao, na watoto walimkoholea njiani akipita.

Je, nilikwenda kumwona? Sikwenda. Kila Jumamosi nilipanga kwenda Jumamosi itakayofuata. Walipombeba hatimaye hadi Bungoma, daktari alisema ni kifua kikuu, ugonjwa wa kutibika, lakini mapafu yalikuwa yamekwisha. Alikaa siku nne.

Matanga sikuhudhuria. Nilituma blanketi na salamu za pole. Blanketi!

Disemba ilipofika tulisimama mbele ya ubao. Majina yakasomwa, moja baada ya jingine, na la Barasa halikuwepo. Mwizi hapigwi rangi ukutani. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa na haki ya kulisoma jina lile, na ndiye aliyelifuta.

Nilisema yote palepale. Damu, leso, ahadi, uongo wangu. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana! Mwenyekiti akasema jina litaandikwa iwapo mjane ataridhia, na niende mimi mwenyewe kumwomba.

Nilimkuta mjane wa Barasa, Mama Nafula, uani akipukuchua mahindi. Alinikaribisha, akanitolea kiti, akaniita shemeji. Nilianza kueleza nikalia kama mtoto. Alinisikiliza, mikono imetulia juu ya ungo.

"Wewe uliona hiyo damu?" aliniuliza.

"Niliiona, shemeji."

"Na siku hiyo ya shindano ulikuwa unakumbuka?"

"Nilikuwa ninakumbuka."

Akaniambia kwamba Barasa hakuwahi kunisema vibaya. Kila Jumamosi alioga, akavaa shati safi, akaketi akitazama njia. Alisema, "Wanjala alishtuka tu, akasahau ile damu. Siku akikumbuka atakuja." Alisema hivyo hata hospitalini.

"Alikufa na rafiki aliyesahau," mama yule aliniambia. "Nami nilikuwa nimebaki na huyo rafiki. Sasa umekuja kuninyang'anya. Ungekaa tu huko Kitale, shemeji. Huo ukweli ungemletea yeye, alipokuwa bado na masikio."

Kuhusu ubao alikataa. Alisema mume wake hatasomwa na mdomo wangu. Na kwa kuwa kwa desturi yetu hakuna mwingine awezaye kumsoma, basi hatasomwa milele.

Siku hizi sichezi. Hawakunifukuza, nimekosa tu mtu wa kukubali kuketi mbele yangu. Usingizi umenihama, chakula hakina ladha, na mtu yeyote akikohoa kanisani moyo wangu unasimama.

Ndugu msomaji, pengine kuna mtu anasingiziwa, nawe unajua ukweli. Usingoje Jumamosi ijayo! Usiuite woga wako siri wala ahadi. Amka sasa hivi, vaa viatu, nenda kwake ungali unaweza kumkuta... kwa sababu anakungoja, na bado anakutetea.