Moyo wa Kuazima

"Kwenye kiti hiki hajafa mtu, wala hafi mtu," alijigamba Shekivuli, akakipiga kofi la mapenzi. "Mtoa roho akija Handeni, kliniki hii ya meno anaipitia mbali."

Kitilinzi, ndilo jina la kiti hicho, hakikujibu, ingawa kingeweza. Kwa bangili moja tu mkononi mwa mgonjwa, kilisikiliza moyo, kilipima presha, kilionja sukari katika jasho. Mtu akitaka kuzirai, kiti kilijua kabla yake, kikamlaza miguu juu. Kikiridhika, mikono yake miwili myembamba ilichoma ganzi na kung'oa. Miaka tisa, hakuna dharura hata moja. Shekivuli, fundi mwenye cheti cha kidato cha nne na mdomo wa chuo kikuu, kazi yake ilikuwa kuvalisha bangili na kuchekesha watu.

Siri ya miaka tisa hiyo ilikuwa nyepesi. Kiti kikiona moyo mbovu, kilijikunja kama jongoo aliyeguswa, kikatema karatasi: Rudi baada ya wiki mbili. Waliokunjiwa walikwenda kufia kwao, na huko hakuna aliyewahesabu.

Bi. Kalunde alikuwa amekunjiwa mara nne. Siku hiyo aliletwa na wifi yake, Bi. Nyamizi, shavu limevimba hadi jicho limefumba.

"Karibu, Mnyamwezi," alisema Shekivuli. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu hadi pwani, leo jino moja linawashinda?"

"Pembe hazikuwa zikiwauma, Mzigua wewe," alijibu Bi. Kalunde kwa nusu ya mdomo.

Bi. Nyamizi akacheka. Watani wakikutana ndio utaratibu, hata msibani.

Shekivuli akamvalisha bangili. Kiti kikajikunja.

"Usinipe karatasi, mtani. Ninazo nne. Siku ya sita hii sijameza hata uji."

"Nenda hospitali kubwa, bibi."

"Wana kiti kama hikihiki." Akamtazama kwa jicho lililobaki. "Kumbe hapa bwana ni kiti, wewe ni foronya yake."

Shekivuli alicheka, lakini ilimchoma. Bi. Nyamizi alipotoka kutafuta maji, Shekivuli alimvua bibi ile bangili taratibu, akaivaa mwenyewe. Moyo wa miaka ishirini na minane, wa kucheza mpira kila Jumamosi.

Kiti kikakunjuka. "Moyo mzuri sana," kikasema kwa upole. "Tunaanza."

"Nimekuazima," Shekivuli alinong'ona.

"Nitakurudishia," alisema Bi. Kalunde.

Kiti kikampa ganzi ya kijana, iliyochanganywa na dawa ya kubana mishipa ambayo moyo mchovu hauihimili. Jino likatoka, usaha ukalifuata. Bi. Kalunde akashusha pumzi ndefu, ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kisha midomo yake ikageuka rangi ya zambarau.

Shekivuli aliingiwa na hofu, moyo ukamwenda mbio. Kiti kikausikia moyo huo. "Mgonjwa ana wasiwasi kidogo," kikasema. "Namtuliza." Kikamchoma Bi. Kalunde sindano ya usingizi.

"Acha! Si yeye!" Aliing'oa bangili, akambana nayo bibi mkononi. Kiti kikapima upya.

"Hakuna mapigo."

Alimshindilia kifua kama alivyodhani kinashindiliwa. Pale kliniki hakuna aliyefundishwa. Ya nini, na dharura zilikwisha?

Mkaguzi wa wilaya alifika saa sita mchana, akafungua daftari.

"Kiti kilimpima," alisema Shekivuli, akitazama sakafu. "Kikamkubali. Ni kosa la kiti."

Mkaguzi aliandika. Ilimwingia akilini; mashine huchakaa. Akamgeukia Bi. Nyamizi, aliyekaa sakafuni, kichwa cha wifi yake mapajani.

"Pole, mama. Una la kuongeza?"

Shekivuli akamtazama, akingoja tusi la utani, lolote. Halikuja.

"Nilirudi mapema na maji," alisema Bi. Nyamizi. "Nikasimama pale mlangoni. Nilikuona ukiivaa ile bangili, mwanangu."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

"Nikanyamaza," akaendelea, akimfunika wifi yake uso kwa kanga. "Na mimi nilitaka kiti kimkubali."